Asiyejibu Huhesabiwa Amekufa

Alhamisi moja ya mwezi Machi, saa mbili usiku, matundu yote matatu ya USB ya kompyuta yangu ya mpakato yalinyamaza. Nilichomeka flashi katika tundu la kwanza, kimya. Nikaihamishia la pili, kimya. Katika la tatu nikaisukuma kwa nguvu kidogo, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi baada ya hodi mbili kukosa jibu. Kimya vilevile.

Ndani ya flashi ile mlikuwamo nyaraka za baba yangu: barua ya ajira ya mwaka 1976, barua za kupandishwa daraja, barua ya kustaafu ya mwaka 2016, na kurasa kadhaa za daftari nitakalolieleza baadaye. Nilikuwa nimetoka Muheza siku hiyo hiyo. Hati zenyewe zimebaki huko, ndani ya sanduku la bati lililo chini ya kitanda chake, kwa kuwa mzee hamkabidhi mtu karatasi zake, hata kama mtu huyo ni mwanawe na ana shahada tatu. Aliniruhusu kuziskani tu, tukaenda kuomba skana katika shule aliyowahi kuifundisha. Mtandao wa intaneti ulikuwa haupatikani, kwa hiyo nakala pekee ilikuwa hiyo niliyoishika mkononi.

Pensheni ya baba ilikuwa imesimama kwa miezi mitano. Ofisi inayohusika ilitaka nakala za nyaraka hizo pamoja na barua ya maelezo kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa. Ndugu msomaji anaweza kuniuliza kwa nini nisingesubiri kupambazuke niende steshenari. Nitamjibu kwamba nimefundisha chuoni miaka ya kutosha kuona flashi za wanafunzi wangu zikirudi kutoka steshenari zikiwa na virusi vinavyoficha mafaili na kuweka njia za mkato za uongo mahali pake. Virusi hivyo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya Windows, na ndiyo mojawapo ya sababu zilizonihamishia Linux zamani. Sikuwa tayari kuiingiza nakala pekee ya maisha ya mzee wangu katika mashine nisiyoijua.

Nikampigia simu fundi ninayemfahamu. Alinisikiliza kwa nusu dakika, kisha akatoa hukumu: "Hiyo mazabodi imekufa, Dokta. Matundu matatu hayawezi kufa kwa pamoja hivi hivi. Tafuta mashine nyingine." Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa nikiitazama kompyuta kama anavyotazamwa mgonjwa ambaye daktari amemkatia tamaa kwa njia ya simu.

Aliyenitoa katika hali ile ni kijana wangu wa mwaka wa 3, ambaye alikuwa amefika nyumbani kuchukua sura ya utafiti wake niliyokuwa nimeisahihisha. Aliniamkia, nikaitikia, akaniona nilivyokunja uso, akauliza kulikoni. Nilipomweleza, hakugusa kitu. Aliuliza swali moja: "Dokta, kumbukumbu za mfumo zinasemaje?"

Niliona aibu. Mimi ninayewasomea wanafunzi kila muhula kwamba hoja hutanguliwa na ushahidi, nilikuwa nimekwisha kupokea hukumu bila kusoma hata mstari mmoja wa ushahidi.

Tulianza mwanzo. Swali la kwanza katika tatizo la namna hii ni kama aliyekufa ni mgeni au ni mlango. Tukaiacha flashi kando, tukachukua kipanya tulichokuwa na hakika nacho. Hakikufanya kazi katika tundu lolote. Basi tatizo halikuwa la flashi. Swali la pili: je, umeme unafika? Tukachomeka simu kwa waya wake, na simu ikaanza kuchaji. Hapo tukajua jambo muhimu. Umeme ulikuwapo, ila mazungumzo hayakuwapo. Tundu la USB hufanya kazi mbili, kulisha na kuzungumza, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki hai. Fundi aliyesema mazabodi imekufa hakuwa amezitenganisha kazi hizo.

Swali la tatu tuliliuliza kwenye dirisha la amri. Kuna amri fupi, lsusb, inayoorodhesha kila kifaa cha USB ambacho mfumo unakitambua. Orodha ilitoka na mistari miwili tu, yote ya vitovu vya ndani vya kompyuta yenyewe. Kijana akaniuliza kama kompyuta hii ina kamera na Bluetooth. Ninavyo vyote viwili. "Navyo havimo," akasema. Nikakumbuka kwamba alasiri ile, katika kikao cha idara kwa njia ya mtandao, kamera yangu ilikuwa imezimika ghafla, nikaulaumu mtandao. Kwa kweli kamera na Bluetooth katika kompyuta nyingi za mpakato huunganishwa kwa USB kwa ndani, ijapokuwa hatuyaoni matundu yake. Kumbe msiba ulikuwa umetokea tangu alasiri, na dalili nilikuwa nimeiona, ila niliitafsiri kwa mazoea.

Hatua ya nne ndiyo ile aliyoianza kwa swali lake. Keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, huandika mambo mengi yanayotokea kati yake na vifaa, mstari kwa mstari, pamoja na muda wake. Kwa amri dmesg, au journalctl ikiwa na alama -k, mwenye kompyuta anaweza kuyasoma maandishi hayo. Hayafichwi katika makao makuu ya kampuni wala hayahitaji kibali cha mtu mwingine. Linus Torvalds alipoitangaza kazi yake mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Helsinki, aliiendeleza desturi ambayo imebaki hadi leo: anayetumia mashine ana haki ya kujua mashine inafanya nini.

Tukapanda na mistari hadi saa tisa na dakika kumi na saba alasiri, wakati wa kikao. Mstari mmoja ulisema kwamba katika tundu la pili umeme umevutwa kupita kiasi. Muda mfupi baadaye ukafuata mwingine, ambao ninautafsiri hapa: kidhibiti cha USB hakijibu, kichukuliwe kuwa kimekufa. Chini yake, vifaa vyote vilivyokitegemea kidhibiti hicho, kamera, Bluetooth, kipanya, vilifutwa kimoja baada ya kingine katika orodha ya walio hai.

Niliusoma mstari ule mara tatu. Haukusema kidhibiti kimekufa. Ulisema hakijibu, kwa hiyo kichukuliwe hivyo. Aliyeandika programu hiyo alikuwa mwangalifu kuliko fundi wangu, kwani aliitofautisha dhana na hakika.

Sababu nayo ilikuwa mezani mbele yetu. Katika tundu la pili nilikuwa nimechomeka kile kidude cha kugawa tundu moja kuwa manne, nilichokinunua kando ya barabara kwa bei ya kutupwa. Juu yake nilitundika diski ya nje, kipanya, feni ndogo ya mezani na waya wa simu. Tangu vipimo vya USB vilipotolewa mara ya kwanza mwaka 1996, tundu limekuwa na kiwango chake. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500 kwa volti 5, na la USB 3.0 miliampea 900. Diski ya nje peke yake inaweza kukimaliza kiwango hicho au kukikaribia. Nilikuwa nimekibebesha kilango kimoja mizigo minne, kilipoelemewa kikawaangusha na majirani zake.

Tiba ilichukua chini ya dakika moja. Kwa ruhusa ya msimamizi wa mfumo, kijana aliiandika anwani ya kidhibiti, ile iliyotajwa ndani ya kumbukumbu, katika faili linaloitwa unbind lililomo kwenye folda ya kiendeshi chake, xhci_hcd. Hapo kidhibiti kikaachanishwa na kiendeshi. Kisha akaiandika anwani ile ile katika faili la bind, vikaunganishwa upya. Taa ya kamera ikawaka na kuzimika. Orodha ya vifaa ikajaa. Nikaichomeka flashi, na barua ya mwaka 1976 ikafunguka ikiwa na muhuri wake uliofifia.

Kwa faida ya msomaji atakayekutwa na haya, niongeze mambo machache. Kama njia hiyo ingeshindwa, tungeizima kompyuta kabisa, tukachomoa chaja, na kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi ili umeme uliobaki uishe. Kama tatizo lingeanza mara baada ya kusasisha mfumo, tungewasha kwa keneli ya zamani, ambayo kwa kawaida Ubuntu huihifadhi katika orodha ya kuwashia. Kama kifaa kingekuwa kinasinzia na kuamka hovyo, tungeitazama tabia ya kubana umeme, maana keneli kwa kawaida imepangiwa kusubiri sekunde 2 tu kabla ya kukilaza kifaa kisichotumika, ikiwa kifaa hicho kimeruhusiwa kulazwa. Tungemulika tundu kwa tochi kuona kama kuna vumbi au kijipande cha chuma kilichopinda. Ndipo, baada ya hayo yote, tungekuwa na haki ya kulitaja neno mazabodi.

Kijana aliondoka saa nne usiku. Mimi nikabaki na barua ya maelezo, na hapo ndipo yale ya kompyuta yalipoanza kunisumbua kwa namna nyingine.

Baba yangu aliingia katika ualimu wakati nchi hii ilipokuwa ikiwatafuta walimu kwa udi na uvumba. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia mwaka 1977, na vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakafundwa huku wakifundisha. Walimu wa UPE, tuliwaita, mara nyingine kwa kejeli. Amefundisha miaka arobaini. Alipofikisha miaka 60 akastaafu, akarudi shambani, na vidole vilivyoshika chaki vikashika jembe.

Mwaka uliopita wastaafu waliitwa wahakikiwe kwa alama za vidole. Baba alikwenda. Aliweka kidole kwenye kifaa, hakikusomeka. Akaweka kingine, hakikusomeka. Akaambiwa akaoshe mikono kwa maji ya moto, akaosha, mambo yakawa yale yale. Akaambiwa arudi nyumbani, ataitwa. Hakuitwa. Mwezi uliofuata pensheni haikuingia, na alipofuatilia alijibiwa kwamba katika mfumo anaonekana kuwa hakujitokeza.

Hapa naomba msomaji anivumilie nirudi kwenye kompyuta mara moja. Kifaa cha USB kinaposhindwa kuzungumza na mfumo, keneli ya Linux huandika namba ya kosa. Mbili hutokea mara nyingi. Namba 110 maana yake ni kwamba muda wa kusubiri jibu umekwisha na jibu halikuja. Namba 71 maana yake ni kwamba mazungumzo yalianza lakini yakaharibika njiani, kilichopokelewa hakieleweki kwa kanuni. Ni makosa mawili tofauti na tiba zake ni tofauti. Huyu hakuja. Yule alikuja, ila tulishindwa kumsoma.

Baba yangu alikuwa 71. Aliandikwa 110.

Sisemi kwamba uhakiki ni jambo baya. Mwaka 2016 serikali yetu ilitangaza kuwaondoa katika orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000, na kila shilingi waliyolipwa ilikuwa imetoka mfukoni mwa mama auzaye mchicha. Serikali isiyouliza nani yu hai itaendelea kuwalipa wafu. Hata Linux haina budi kufanya hivyo. Kidhibiti kikinyamaza, mfumo ukaendelea kukisubiri milele, kompyuta nzima ingeganda. Lazima kuwe na mahali ambapo kusubiri kunakoma na dhana inachukuliwa.

Swali langu kwa wenzangu walio katika utumishi wa umma, na wengi mnanisoma hapa, ni hili: baada ya dhana kuchukuliwa, ninyi mnabakiza nini? Keneli inabakiza mambo matatu. Inabakiza maandishi, kwamba ni nani, saa ngapi, na kwa sababu gani. Inayaacha maandishi hayo mahali ambapo mwenye kompyuta anaweza kuyasoma. Na inaacha njia fupi ya kurudi, ya kumwachanisha na kumwunganisha upya aliyedhaniwa kufa, bila kumtaka anunue mwili mwingine. Katika ofisi ile baba hakukuta hata moja. Hakuna aliyejua ni nani alimwambia arudi nyumbani. Hakuna karatasi iliyosema vidole havikusomeka. Njia ya kurudi ilikuwa ni kuanza upya, na nyaraka za miaka arobaini.

Wala tusijidanganye kwamba dawa ni kununua mfumo mpya. Hiyo ndiyo hukumu ya fundi wangu katika sura ya zabuni. Kila mfumo unaposumbua tunaambiwa umepitwa na wakati, tunanunua mwingine, na huo nao unarithi tabia ya kutoandika. Mama wa karani na karani mwenyewe watalipia mifumo hiyo, na kidole cha mkulima kitaendelea kutosomeka, kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba hakikusomeka.

Najua pia mahali mfano wangu unapokomea. Kompyuta ikiwashwa upya haikumbuki kuwa ilikufa. Mzee aliyekosa dawa za shinikizo la damu kwa wiki kadhaa, akamkopa jirani, akaona aibu kupita mbele ya duka, hawashwi upya. Ndiyo maana mtu anastahili uangalifu zaidi kuliko kidhibiti, na inauma kuona anapewa pungufu. Mfumo ninaoutumia unaitwa Ubuntu, jina lililotoka katika lugha za Kibantu za kusini mwa bara letu, nasi kwa Kiswahili tunasema utu. Tumelipeleka neno hilo duniani likawa jina la programu. Lirudi na kwetu, liingie kaunta.

Nimeahidi kueleza juu ya daftari. Baba ni mwalimu, na mwalimu haachi tabia. Ana kaunta buku ambalo ameandika humo kila safari ya kufuatilia uhakiki: tarehe, saa ya kuondoka nyumbani, nauli, dirisha alilohudumiwa, maneno aliyoambiwa. "Kidole gumba cha kulia, mara tatu, hakikubali. Cha kushoto, mara mbili. Nimeambiwa nitaitwa." Mistari yote imenyooka kwa rula. Nilipokuwa naziskani kurasa zile Muheza nilidhani ni mazoea tu ya mzee. Usiku ule mezani kwangu niliona kilichokosekana ofisini kilikuwa chini ya kitanda cha mstaafu. Serikali haikuwa na kumbukumbu ya kosa lake, raia ndiye aliyekuwa nayo.

Basi barua ya maelezo sikuiandika kwa lugha ya malalamiko. Niliyapanga yale ya daftari kwa tarehe na saa, mstari kwa mstari, nikaambatisha kurasa zenyewe. Ijumaa saa nne asubuhi nilikabidhi. Ofisa aliyeipokea, mama wa makamo, alisoma kurasa za daftari zote bila kusema neno, akatoa kalamu, akapigia mstari tarehe ya kwanza. Kisha akaniuliza, "Mzee alikuwa mwalimu?" Nikasema ndiyo. "Inaonekana," akasema, akagonga muhuri na kuniandikia jina lake na saa ya kupokea bila mimi kumwomba.

Pensheni ilirudi mwezi Mei. Malimbikizo bado tunayasubiri. Kile kidude cha matundu manne nimekiweka juu ya rafu, sikukitupa, na diski ya nje sasa ina tundu lake peke yake. Nilipompigia baba simu kumpa habari, nilitaraji shangwe. Aliniuliza fedha imeingia tarehe ngapi na saa ngapi, kisha nikasikia kurasa zikifunuliwa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Niandike."